Kabla hujalipa ada ya chuo cha filamu, funga macho usikilize

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, barua za safu hii hubadilika. Waliokuwa wakiuliza bei ya maiki na namna ya kupunguza upepo kwenye sauti hunyamaza, wakaingia wanafunzi na wazazi wao: tusome filamu wapi? Nimechagua barua tano. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza, mimi ni fundi sauti, mwanamke wa kushika fimbo ya maiki, na kazi zangu ni za tamthilia, matangazo na filamu hapa Dar es Salaam. Mwongozaji angewajibu vingine.

SWALI: Dada Fundi, habari za kazi. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na ninataka kuwa mwongozaji wa filamu. Mjomba amekubali kunilipia ada lakini amesema ni mara moja tu, nikichagua vibaya nisimrudie. Kuna chuo binafsi Dar ambacho Instagram yao imejaa kamera za kisasa, droni na jengo la vioo. Pia nimefikiria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo. Niende wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mdogo wangu, sharti la mjomba ni zuri kwa sababu linakulazimisha ukaone kwa macho yako. Instagram iache. Panda basi uende chuoni siku ya kazi, katikati ya muhula, si siku ya maonyesho ambapo hata mlinzi amevalishwa fulana mpya. Waombe kwanza kitu kimoja: filamu fupi nzima ya mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana. Trela usikubali. Trela nzuri hata mimi nitakukatia kutoka kwenye filamu mbovu.

Wakikuwekea, funga macho.

Sikutanii. Kamera za siku hizi zinampa picha safi hata aliyeishika jana, kwa hiyo ukitazama utadanganyika. Utaona ufukwe wa Coco umepigwa kutoka juu kwa droni, ukadhani hapo pana elimu. Sauti haina huruma hiyo. Sikiliza kama mhusika anasema sentensi ya kwanza yuko karibu, ya pili yuko kama ndani ya pipa. Sikiliza bodaboda inayopita katikati ya kilio cha msiba, halafu inakatika ghafla picha inapobadilika. Sikiliza kama muziki umemwagwa mwanzo mpaka mwisho, maana mara nyingi humwagwa ili kuficha. Ukiyasikia hayo, ujue hakuna mwalimu aliyekwenda lokesheni na wale vijana, au alikwenda na yeye mwenyewe hajui.

Ukiwapata wanafunzi kantini, waulize: mkishuti ndani ya nyumba ya mtu, friji mnafanyaje? Aliyefundishwa atacheka. Fundi huingia chumbani mikono mitupu, akasimama akasikiliza kabla hajafungua begi. Anazima feni, anazima friji la mwenye nyumba, kisha anachukua funguo zake mwenyewe, za gari au za mlango wa kwake, anaziweka ndani ya friji hilo hilo. Usiku mkiwa mmechoka na kila mtu anakimbilia gari, hawezi kuondoka bila kulifungua, na akilifungua atakumbuka kuliwasha. Samaki wa watu wamesalimika. Matukio ya chumba hicho yakiisha, anawaomba wote wasimame kimya nusu dakika ili arekodi chumba kikiwa hakina anayesema, kwa sababu mhariri atauhitaji ukimya huo kuziba mapengo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyejua lolote katika hayo, ada yake imekwenda kwenye vioo vya jengo.

Utasema mimi navutia kwangu. Kweli, navutia. Lakini anayetaka kuongoza ndiye wa kwanza kuhitaji chuo cha namna hiyo, kwani picha ukikosea unaweza kuirudia kesho jua likitoka, ila kilio cha kweli cha mwigizaji hakirudiwi kwa sababu ulisahau feni.

Baada ya hapo omba kuona daftari la kuazima vifaa. Kila chuo chenye vifaa vinavyotumika kina daftari au faili lenye jina la mwanafunzi, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, na sahihi. Likiwa chafu, limekunjika, limejaa majina, hapo pana kazi. Wakikuambia lipo kwa mkuu na mkuu amesafiri, ile kamera ya kwenye kabati la kioo ni pambo la sebuleni. Waulize pia wewe binafsi utaongoza filamu ngapi mpaka umalize, maana kuna sehemu darasa zima linatoa filamu moja: mmoja anaongoza, wengine wanabeba maji. Na filamu yako ya mwisho itakuwa mali ya nani? Kuna vyuo vinavyoandika kwenye fomu kwamba kila kilichotengenezwa na mwanafunzi ni cha chuo. Si lazima iwe dhuluma, ila fomu hiyo usiisome kwa mara ya kwanza siku unayotaka kuipeleka filamu yako ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar.

Upande wa vibali, shahada inasimamiwa na TCU, tume ya vyuo vikuu; cheti na stashahada ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Angalia jina la kozi yenyewe, si jina la chuo tu; chuo kinaweza kuwa na ithibati ya uandishi wa habari kikafundisha filamu kwa kujitungia.

Sasa nikuchagulie, maana ndicho ulichoomba. Bagamoyo pamefundisha sanaa tangu 1981, kilipoanza kama Chuo cha Sanaa, na kinachonivutia pale ni waigizaji. Utaishi na watu wanaocheza ngoma asubuhi na kufanya mazoezi ya jukwaa jioni, na mwongozaji asiyejua kuongea na mwigizaji hana kazi nyingine ya maana kwenye seti. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Idara ya Sanaa za Ubunifu, utasoma zaidi, utaandika zaidi, na HKL yako itakuwa mtaji. Huenda darasani mlisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Amil Shivji, aliyesomea filamu Chuo Kikuu cha York kule Toronto na amewahi kufundisha hapo Mlimani, aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Mimi ningekwenda Mlimani, na likizo ningeshinda Bagamoyo. Jengo la vioo lipe nafasi kama daftari lake ni chafu.

SWALI: Mwanangu, salaam. Mimi ni mama wa watoto wanne. Binti yangu wa mwisho amefaulu vizuri, nilitegemea aende uuguzi, yeye anang'ang'ania filamu. Baba yake hataki hata kusikia, anasema ni uhuni. Je, kuna ajira kweli? Na huko usiku usiku kwenye kushuti, mtoto wa kike atakuwa salama? (Mama wa Wanne, Tanga)

JIBU: Shikamoo, Mama. Swali lako la pili ndilo zito, nitaanza nalo.

Usalama upo au haupo kutegemea nani anasimamia, kwa hiyo usiulize chuo kama "mazingira ni mazuri", watasema ndiyo. Uliza: wanafunzi wakishuti mpaka saa sita usiku, nani anawarudisha hosteli, na kwa gari la nani? Mwanafunzi akinyanyaswa na mwalimu au na mwigizaji mkubwa aliyealikwa, anampelekea nani malalamiko, na huyo mtu ana ofisi? Chuo cha maana kitakujibu kwa jina na namba ya simu. Kikikujibu kwa mawaidha kuhusu vijana kujiheshimu, mpeleke kwingine. Nimefanya kazi na watayarishaji ambao gari la kuwarudisha wanawake nyumbani limeandikwa kwenye bajeti kabla ya chakula, na nimefanya na mwingine ambaye saa saba usiku alituambia tuitane bajaji. Huyo wa pili sikurudi kwake.

Ajira zipo, Mama, ila mshahara wa kila mwezi ni wa wachache. Vituo vya televisheni vinaajiri. Waliobaki tunaishi kwa kazi kwa kazi: tangazo la sabuni, tamthilia ya miezi mitatu, filamu ya shirika la maji vijijini, mkutano, harusi. Harusi usizidharau, zimewalisha mafundi wengi kuliko sinema. Wanaokosa kazi kwa urahisi ni wale wanaotaka kuongoza tu au kuonekana tu. Wahariri, mafundi sauti, mafundi taa, na yule anayepanga ratiba na risiti za seti nzima, hao wanatafutwa. Kama binti ana kichwa cha hesabu na hachoki kufuatilia watu, mwambie aulize kuhusu utayarishaji.

Kuhusu Mzee, usibishane naye kwa maneno. Mwache binti atengeneze kitu cha dakika tano kuhusu jambo ambalo baba yake anaijua kila hatua yake, kazi yake au mtaa wenu, kisha akakitazame sebuleni naye akiwepo. Wazazi wengi wanachokiita uhuni ni filamu walizoziona kwenye basi.

Na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kama mtakwenda njia hiyo, soma mwongozo wa mwaka huu wenyewe muone kozi yake imepangwa wapi. Usitegemee cha jirani aliyepata mwaka juzi.

SWALI: Mambo Dada. Niko Likoni, nimemaliza sekondari, chuo cha kulipia sina uwezo nacho. Kuna njia ya bure? (Kijana wa Feri, Mombasa)

JIBU: Poa, mdogo wangu. Zipo, zinagombaniwa. Maisha Film Lab ilianzishwa na Mira Nair mwaka 2004, makao yake Kampala, na warsha zake za uandishi na uongozaji zimekuwa zikiwapokea watu wa Afrika Mashariki bila ada. Nairobi kuna One Fine Day, ya mwongozaji wa Ujerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ambako wanagenzi walifundishwa na wakongwe kisha wakatengeneza filamu nzima. Soul Boy ya mwaka 2010, Nairobi Half Life ya 2012, Kati Kati ya 2016 na Supa Modo ya 2018 zilipita mlango huo, na Nairobi Half Life ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kugombea Oscar. MultiChoice nayo ilifungua chuo cha mwaka mmoja mwaka 2018, na tawi la Nairobi lilichukua vijana wa Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia kwa gharama za kampuni. Haya ya ufadhili hutegemea mfuko wa mfadhili, kwa hiyo tazama tangazo la mwaka husika kabla hujamuaga mama.

Ila hakuna hata moja kati ya hizo inayomchukua mtu mikono mitupu. Watataka skripti au filamu fupi. Kama huna, fikiria Kenya Institute of Mass Communication pale South B; ni chuo cha serikali, kimefundisha watu wa redio na televisheni tangu 1961, na mafundi wengi wa Kenya niliofanya nao kazi wametoka hapo. Hakina vioo.

Na anayekuomba "ada ya fomu" kwa M-Pesa ili akuingize warsha ya bure, mblok.

SWALI: Ninaandika kutoka Lubumbashi. Nina shahada ya sheria, Kifaransa changu ni kizuri, Kiingereza cha kuombea maji. Ninataka kusoma filamu nje ya nchi. Rafiki zangu wanasema kama si Marekani, usisome. Unasemaje? (Ndugu wa Katanga)

JIBU: Ndugu yangu, rafiki zako wamekulipia? Chuo Kikuu cha New York, kwenye shule yake ya Tisch, ada peke yake imepita dola 60,000 kwa mwaka, bado hujalala wala hujala, na viza ya mwanafunzi wa Marekani inataka uonyeshe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Wapo wenzetu waliopita huko wakafika: Wanuri Kahiu wa Kenya alisomea UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, na kabla yake Haile Gerima wa Ethiopia. Lakini kumi wanaotamani wakishatajiwa hiyo bei, tisa wanaacha filamu kabisa, kana kwamba dunia ina chuo kimoja.

Anza na lugha uliyo nayo. Ouagadougou wana chuo cha picha na sauti kiitwacho ISIS-SE, kinachofundisha kwa Kifaransa, kwenye mji ambao FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, imefanyika tangu 1969. Ukikaa hapo, tamasha linakuja mlangoni kwako. Ufaransa kuna La Fémis ya Paris, ya serikali, mlango wake ni mtihani mgumu wa ushindani, na ina idara ya sauti inayojitegemea. Msijali, nitaacha kusifia idara za sauti baada ya mstari huu.

Kama uko tayari kujifunza lugha mpya, upeo unapanuka. FAMU, chuo cha filamu cha Prague, kilianzishwa 1946, na katika vyuo vya umma vya Jamhuri ya Czech anayesoma kwa Kicheki halipi ada ya masomo. Kozi za Kiingereza ndizo zinazolipiwa. Chuo cha Łódź kule Poland ni cha 1948. VGIK ya Moscow, ya mwaka 1919, ndiyo kongwe kuliko zote duniani, na Afrika inaifahamu: Souleymane Cissé wa Mali alisoma hapo, na Abderrahmane Sissako vilevile, baada ya kupelekwa kwanza Rostov kujifunza Kirusi. Mwaka mmoja wa lugha unauma ukiwa na shahada tayari mkononi. Ada ya dola elfu sitini inauma zaidi.

Usiisahau India. FTII ya Pune ilifunguliwa 1960 kwenye viwanja vya studio ya zamani ya Prabhat, na Resul Pookutty aliyesomea hapo alipata Oscar ya sauti mwaka 2009 kwa Slumdog Millionaire. (Nimevunja ahadi, najua.) Afrika Kusini kuna AFDA, iliyoanza 1994, ni karibu nawe, ila ni Kiingereza, na ni ya kulipia.

Ukiwa huijui shule, angalia kama imo kwenye orodha ya CILECT, umoja wa vyuo vya filamu duniani ulioanza miaka ya 1950. Kuwemo hakumaanishi ni kizuri kwako. Kutokuwemo nako si hukumu. Inakusaidia tu kutofautisha chuo na tovuti.

Karibu vyuo vyote hivyo vitakuomba mkoba wa kazi: picha, maandishi, pengine filamu ya dakika chache. Hapa ndipo watu wa kwetu wanajiangusha, wanatuma vita vya bastola walivyoigiza na binamu zao. Wanaosoma maombi kule Prague wameona bastola za kutosha. Hawajaona Lubumbashi. Una bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, na una sheria inayokupa sababu ya kukaa mahakamani ukisikia watu wakidanganya kwa adabu. Keti na mmoja aliyefanya kazi mgodini, mrekodi sauti yake tu kwa dakika kumi, halafu piga picha za mikono yake na vitu vya nyumbani kwake. Dieudo Hamadi wa Kisangani alikuwa anasomea udaktari kabla hajaingia kwenye filamu za hali halisi, na watu wa kwao ndio waliojaa kwenye filamu zake mpaka leo. Sheria haikupotezei muda. Usiifute kwenye barua yako ya maombi.

SWALI: Dada, chuo cha nini wakati simu ipo? Kuna Mmarekani alishuti filamu nzima kwa simu. (Mjuaji, Kigoma)

JIBU: Unamsema Sean Baker. Tangerine ya mwaka 2015 ilipigwa kwa iPhone 5s, kweli kabisa. Wanaokusimulia hawamalizi: sauti ya filamu ile haikurekodiwa na simu, ilirekodiwa na watu wa sauti na vifaa vyao, na Baker mwenyewe alikuwa ameshasoma filamu New York.

Lakini sikukatazi. Chukua simu hiyo, nenda pale Kibirizi boti zinaposhusha dagaa, shuti dakika tatu. Azima simu ya pili, iwashe kinasa sauti, ifunge kwa mpira kwenye kijiti cha fagio ukiielekeza kwa anayesema, karibu kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye picha, na uifunike kwa soksi ya sufu kwa ajili ya upepo wa ziwa. Kabla ya kila tukio piga makofi mara moja mbele ya simu zote mbili, ili ukihariri upate pa kuzilinganisha. Nitumie kwa anwani ya gazeti, maelezo yake kwa Kiswahili, si zaidi ya megabaiti 100. Nikisikia kila neno la mchuuzi juu ya injini za boti, toleo lijalo nitakutajia mtu wa kumwona Dar.